Porojo za Saa Nne na Ukimya wa Mikutano

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji wa kipute cha CHAN kwa pamoja na Tanzania na Uganda, chumba cha chai cha idara yetu kiligeuka kuwa bunge. Harambee Stars walikuwa wameilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, wakatoka sare na Angola, kisha Jumapili ya tarehe 10 wakaishinda Morocco 1-0, ilhali sehemu kubwa ya mechi walicheza wakiwa watu kumi. Kesho yake saa nne, mwenyekiti wa idara, profesa mwenye mvi na vitabu kadhaa kwa jina lake, alitangaza kwamba kocha Benni McCarthy alikuwa amebahatika tu. Tarishi wetu, aliyekuwa akigawa barua, aliziweka mezani.

"La, Profesa," akasema, "hapo sikubaliani nawe hata kidogo."

Akaeleza, kwa mpango ambao ningefurahi kuuona katika tasnifu za wanafunzi wangu, jinsi safu ya ulinzi ilivyosukwa upya baada ya kadi nyekundu. Profesa alisikiliza, akamalizia andazi lake, akasema, "Basi na iwe hivyo." Tukacheka sote, na yeye akacheka kutushinda.

Wiki mbili baadaye ulifanyika mkutano wa idara. Ajenda mojawapo ilikuwa namna ya kusafirisha bahasha za mitihani kutoka jengo moja hadi jingine bila ya kuchanganyika na za idara nyingine. Tulijadili jambo hilo kwa Kiingereza kwa takriban dakika arubaini. Tarishi, ambaye hubeba bahasha hizo kila muhula, aliingia na birika la chai, akatumimina vikombe, akatoka. Hakuna aliyemwuliza neno, nami nikiwa mmoja wao. Tulipokutana ukumbini baadaye aliniambia kwa sentensi moja tatizo lilikuwa wapi: idara mbili zilikuwa zikitumia bahasha za rangi moja na sanduku moja.

Msomaji atauliza: je, mtu yule yule aliyempinga profesa hadharani kuhusu mpira, alinyamazia vipi jambo alilolijua kumshinda profesa huyo? Jibu la haraka ni kwamba porojo ni porojo na kazi ni kazi. Hata katika taaluma yangu wako wanaoelekea kukubali jibu hilo. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Malinowski aliandika juu ya mazungumzo ambayo shabaha yake si kupashana habari bali kuwaunganisha watu: salamu, hali ya hewa, soga za jioni. Alikuwa na haki. Lakini wengi waliomfuata wameyachukulia mazungumzo hayo kuwa matupu, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Soga za chumba cha chai zina mzigo. Ila mzigo wenyewe hauandikwi katika kumbukumbu za mkutano.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Kuhusu mechi, ushahidi uko mikononi mwa wote. Profesa aliutazama mpira ule ule aliotazama tarishi, pengine kwa runinga ndogo zaidi. Katika mkutano ushahidi uko ndani ya faili, na faili liko mbele ya mtu mmoja. Asiyelisoma atathubutu vipi kusema kwamba amekosea? Tena lugha inabadilika. Mpira tuliujadili kwa Kiswahili; mara tu mwenyekiti aliposafisha koo na kufungua kikao, tulivaa Kiingereza kama joho la mahafali. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini nimehudhuria mikutano mingi tangu mwaka huo, na ile iliyoendeshwa kwa Kiswahili naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nakiri kwamba baadhi ya iliyoendeshwa kwa Kiingereza niliiongoza mimi.

Hata hivyo, tusiupambe mpira kupita kiasi. Dada mmoja mwenzetu, mhadhiri wa fasihi, husema kwamba chumba cha chai siku ya Jumatatu kwake ni ugenini. Hupigwa kumbo na mazungumzo yasiyomwachia nafasi. Isitoshe, kwetu Kenya swali "Wewe ni shabiki wa nani?" halijawa jepesi kamwe. Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu zilizozaliwa na jamii zinazojulikana. Leopards yenyewe ilianza kwa jina la Abaluhya. Kwa hiyo aulizaye kuhusu klabu huenda anauliza kuhusu kwenu. Nadhani hii ni sababu mojawapo, ijapokuwa si ya pekee, iliyozifanya Arsenal na Manchester United zitawale maofisi yetu: mtu anaweza kuzipenda au kuzichukia bila ya kufichua alikozaliwa. Filamu hazina kinga hiyo. Mwaka 2018, filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba, niliwasikia watu walioshirikiana ofisi miaka mingi wakirushiana maneno makali juu ya picha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona. Vijana wetu wasaidizi, ambao saa ya chakula hucheza kandanda ya kompyuta, hawakuinua hata vichwa.

Kwa jumla, basi, mpira hubaki kuwa kichaka salama, na watu hujificha humo. Mgomo wa wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma ulipoanza tarehe 17 Septemba 2025, kwa ajili ya deni la shilingi bilioni 7.9 la mkataba wa 2017 hadi 2021, ukaendelea kwa siku 49, nilitega sikio. Wachache walitaja majina ya wakubwa. Wengi walizungumza juu ya "refa aliyenunuliwa", "kocha asiyetaka kubadilisha wachezaji waliochoka", na "kupelekwa muda wa nyongeza". Mswahili wa pwani hawezi kushangazwa na hili. Mafumbo ni silaha ya kale ya asiyeweza kusema wazi, na leso za mabibi zetu zimebeba ugomvi mwingi wa majirani bila ya kumtaja mtu. Kinachonisumbua ni kwamba tumefika mahali ambapo watu wenye shahada tatu nao wanahitaji leso.

Mwenzangu mmoja amenijibu kwamba ofisi si uwanja wa mpira, na kwamba kila mtu akimpinga mkubwa wake hakuna kazi itakayofanyika. Namheshimu, lakini aniambie: Profesa alipoteza nini asubuhi ile? Ajenda za siku hiyo zilikamilika na barua zilifika. Nami nimependekeza kwa maandishi kwamba kila mkutano wetu uanze kwa robo saa ya Kiswahili, na kwamba anayeifanya kazi inayojadiliwa aitwe, aketishwe, aulizwe. Pendekezo limepokelewa. Limo ndani ya faili.

Mitihani ilipofika mwezi wa Desemba, bahasha za darasa moja la mwaka wa pili hazikuonekana kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Walipigiwa simu wakuu wa idara tatu. Aliyezipata ni tarishi, ndani ya sanduku lile lile. Alizileta, akatiliwa saini katika daftari, akaenda zake. Hakuna aliyemwuliza alijuaje pa kuzitafuta.