Kobe wa Nyumbani na Baridi ya Makumira

Mwezi wa Juni unapoingia, mawingu hushuka kutoka Mlima Meru yakatanda juu ya migomba yetu hapa Makumira hadi karibu na adhuhuri, na watoto huenda shule wakiwa na masweta. Ndicho kipindi ambacho wazazi hunisimamisha baada ya swala kuniuliza habari za kobe wao: mbona hataki kula, mbona ni siku ya tatu hajatoa kichwa, je, ndiyo ule usingizi wa baridi unaosimuliwa juu ya kobe wa Ulaya?

La, si usingizi huo. Kobe wetu mwenye madoa ni mnyama wa nyika kavu, mfano wa zile za Monduli na Simanjiro, na hana desturi ya kulala msimu mzima. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu, bali hulichukua kutoka kwenye jua. Joto likikosekana, utumbo huzembea na majani aliyokula juzi huanza kuchacha tumboni, kisha mapafu hushambuliwa. Ukiona mapovu puani au anapumua kwa mdomo wazi, usingoje jua la kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wale kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar, ambao asili yao ni zawadi iliyotoka Ushelisheli mwaka 1919, hulala nje mwaka mzima bila madhara kwa kuwa pwani haina baridi hii. Anayewachukua hao kuwa kigezo akiwa huku mlimani anajidanganya.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, jiulize kama una kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujifugia mnyamapori kwa kuwa tu watoto wamemwokota njiani. Asiye na kibali na aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, pale Usa River, aeleze hali ilivyo. Wala asimtupe kobe vichakani kwa siri, maana hajui anamwacha kwenye baridi gani. Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na mwenye kumwacha kobe juu ya sakafu ya saruji mwezi wa Julai hayuko mbali na jambo hilo.

Sasa tuje kwenye gharama, kwani hapo ndipo wengi hushindwa. Kosa la kawaida ni kupasha joto chumba kizima. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa 8 kila usiku hula uniti 12, na kwa wiki moja ni uniti 84. Familia iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, imekwisha kuvuka mpaka wake na itanunua umeme kwa bei ya juu, yote hayo kwa ajili ya mnyama anayetosha kwenye karai. Globu ya wati 60 ndani ya sanduku, kwa saa 10 za mchana, hula uniti 18 kwa mwezi mzima.

Siri iko kwenye sanduku lenyewe. Fundi seremala atengeneze kuta mbili za mbao, na katikati yake mjaze maganda ya mpunga makavu. Hayo huzuia joto lisitoroke, na mashine za kukoboa huyatupa. Liinuliwe juu ya matofali, kwa sababu saruji hunyonya joto usiku kucha. Juu lifunikwe theluthi mbili, sehemu iliyobaki iwe ya kupitisha hewa. Globu iwe ya zamani, ile ya waya unaowaka njano, kwani hizi mpya za kubana matumizi hazitoi joto la maana. Ining'inizwe kwa mnyororo upande mmoja tu, mbali na nyasi na mbao. Chini yake joto liwe nyuzi 30 hadi 32, na upande wa pili 22 au 24, ili kobe achague mwenyewe. Usimwekee jiwe la moto chini ya tumbo. Amezoea joto litokalo juu, na huungua bila kuondoka.

Usiku anahitaji giza, na kobe mzima aliye mkavu hutosheka na nyuzi 16 au 18. Sanduku zuri hushikilia kiasi hicho kwa msaada mdogo tu. Wauzao mashine za kutotolea vifaranga wanazo swichi zinazozima na kuwasha umeme zenyewe kwa kufuata kipimo cha joto, nunua moja. Jua likichomoza mchana, mtoe nje, kwani mionzi inayoimarisha gamba haipiti kwenye kioo cha dirisha.

Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa mbili, zifunge kwa kitambaa kizito, uziweke pembeni mwa sanduku na kuzibadili zinapopoa. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na watakaolala humo ni pamoja na watoto.