Umevaa mkanda, sawa. Lakini umeufunga wapi?

Siku ya mkaguzi kule mjengoni utaijua hata kabla hujafika getini. Nyapara amevaa shati safi, vumbi limemwagiwa maji, na lile sanduku linalokaa stoo chini ya magunia ya simiti limefunguliwa. Ndani mna mikanda ya usalama. Si ile ya kiunoni, ni hanesi kamili: kamba za mabegani, kifuani na mapajani, na kamba nyingine yenye ndoano inayotoka mgongoni.

"Vijana, vaeni haraka, wageni wako njiani."

Tunavaa. Picha zinapigwa. Mkaguzi anatazama juu, anaona watu wa rangi ya machungwa wenye mikanda, anaandika kitu kwenye karatasi, anaondoka. Kufikia chakula cha mchana mikanda imerudi sandukuni.

Niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeacha chuo, nikawa kibarua kwenye fleti fulani hapa Nairobi, nikipandisha karai za mota ghorofa baada ya ghorofa. Kwa hivyo nikiskia mtu akisema vijana wa mjengo wanaanguka kwa sababu hawavai mkanda, huwa nataka kumuuliza swali moja tu. Wakiuvaa, waufunge wapi?

Nauliza kwa sababu kuna jamaa tuliyefanya naye kazi ambaye siku aliyoanguka alikuwa ameuvaa. Alikuwa nje, ghorofa ya tatu, akipiga plasta. Ndoano yake aliifunga pahali pekee palipokuwepo, yaani kwenye mti wa lile jukwaa alilosimamia. Miti yenyewe ilishikanishwa kwa misumari na waya. Jukwaa lilipoachana na ukuta, mti ulienda naye. Mkanda ulifanya kazi yake vizuri sana: ulimshikilia kwa kitu kilichokuwa kinaanguka.

Aliishi, shukrani kwa Mola, lakini nyonga na mguu vilivunjika. Pale saiti maneno yalikuwa mawili tu. La kwanza: "Lakini si alikuwa amevaa?" La pili: "Ajali haina kinga." Kesho yake asubuhi tulirudi juu.

Mimi nakataa. Ajali ile ilikuwa na kinga, na si siri. Ni hesabu.

Ukianguka mita 3 tu, kimo cha ghorofa moja, unafika chini kabla sekunde moja haijaisha, ukiwa na kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Hakuna muda wa kushika kitu. Kwa hivyo kila kinachokuokoa lazima kiwe tayari kabla hujateleza. Hanesi husambaza mshtuko mapajani, kifuani na mabegani. Mkanda wa kiunoni pekee unakukunja katikati na kuumiza mgongo na tumbo, ndiyo maana Marekani iliupiga marufuku kwa kazi ya kudaka anayeanguka tangu 1998. Kwenye kamba nzuri kuna kifurushi kidogo kilichoshonwa, ambacho hupasuka polepole ili usisimame ghafla.

Sasa skia hii, kwa sababu sisi hatukuwahi kuambiwa. Kamba ina mita 2. Kile kifurushi kikipasuka chote kinaongeza karibu mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi miguuni ni kama mita 1.5. Jumlisha, uweke na mita moja ya tahadhari. Unahitaji zaidi ya mita 6 za hewa tupu chini ya pale ulipofunga ndoano. Ukiwa ghorofa ya kwanza na umefunga chini karibu na miguu, utafika ardhini kabla kamba haijamaliza kukusimamisha. Ndiyo maana ndoano hufungwa juu ya kichwa kila inapowezekana, na kwenye kitu kisichotingisika: nguzo ya zege, boriti ya chuma, au kamba ya waya iliyokazwa kati ya nguzo mbili.

Na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Watu hudhani mabosi hawajali kwa sababu vifaa ni ghali. Hanesi moja haifikii bei ya simu aliyoshika nyapara akitupiga picha. Kitu kigumu ni pa kuifunga, kwa sababu mahali hapo hapauzwi dukani. Lazima injinia aketi kabla zege halijamwagwa, aseme hapa tutaacha pete ya chuma, hapa waya utapita, na mtu akining'inia tutamtoa hivi. Hilo la mwisho si dogo. Ukining'inia kwenye hanesi bila kusonga, damu hukwama miguuni, na unaweza kufa ukiwa umeokolewa tayari. Kwetu hakukuwa na mpango wowote. Mpango ulikuwa sanduku.

Najua mafundi wengine watasema nalaumu upande mmoja. Ni kweli, wapo wanaouvua mkanda kwa sababu unawachelewesha, na wapo wanaokucheka ukiuvaa. Mimi pia nilicheka wenzangu. Lakini mtu anayelipwa kwa kipimo cha ukuta aliomaliza, ukimpa kamba isiyo na pa kufungwa, umempa mzigo tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inampa mwajiri jukumu la kuhakikisha unafanya kazi salama, na inamkataza kukufuta kwa sababu umelalamika kuhusu hatari. Sheria ya fidia ya mwaka huohuo inasema mfanyakazi akifa kazini, familia hulipwa mshahara wa miezi 96. Chukua kibarua anayepata elfu 15 kwa mwezi: ni shilingi milioni 1.44. Boss anayesema hana muda wa kuacha pete kwenye nguzo afanye hiyo hesabu.

Kwa wakaguzi, ombi langu ni dogo. Msitazame kifua cha fundi. Fuateni kamba yake kwa macho mpaka mwisho, muone imeshika nini. Na mje bila kupiga simu kwanza.

Na wewe unayepanda kesho, iwe ni mjengo, bango la matangazo au paa la mtu unalowekea waya wa intaneti, usikubali kuridhika na swali la "umevaa?" Kabla hujaachilia ngazi, vuta ndoano yako kwa nguvu zako zote. Ikitingisika, shuka. Watakuita mwoga, na pengine utakosa pesa ya siku hiyo. Yule jamaa yetu siku hizi anatembea na mkongojo, na tangu aanguke hajapata kazi nyingine.