Mpunga ukiwa majini, mfuko huwa mtupu

Katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maji yanayonywesha mpunga ndiyo hayo hayo yanayolea mbu. Mkulima wa Kiringye hushika franga baada ya mavuno, lakini malaria haingoji mavuno. Mtoto akipata homa mpunga ukingali mbichi, wazazi wengi huanzia duka la dawa la jirani. Hununua vidonge kwa kadiri ya pesa iliyopo, na homa ikishuka huweka vilivyobaki kwa siku nyingine. Kituo cha afya hukumbukwa degedege limeshaanza au damu imeshapungua. Wapo wanaosema huo ni ujinga. Mimi nasema ni hesabu ya mtu asiye na kitu, na mahubiri hayataibadilisha. Itabadilika siku kipimo na dozi kamili vitakapokuwa karibu na rahisi kuliko vidonge viwili vya dukani.

Hesabu hiyo ina gharama kubwa. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na barani Afrika takriban robo tatu ya vifo vyote vya malaria ni vya watoto wasiofikisha miaka 5. Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Sababu ni wazi: homa ya malaria na ya nimonia hazitofautishwi kwa kugusa paji la uso. Asiyepimwa anaweza kunywa dawa isiyo yake. Anayekatiza dozi ya siku tatu anaweza kuacha vimelea hai mwilini.

Wa kusogeza kipimo na dozi karibu ni reko, mhudumu wa kujitolea kijijini. Wengine watauliza: ataaminiwaje na dawa ilhali si muuguzi? Hatakiwi kuwa muuguzi. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu na kama robo saa. Kazi yake ni kupima, kutoa dozi na kumpeleka mapema kituoni aliyezidiwa. Wengine wanataka maduka ya dawa yafungwe. Tanzania ilichagua njia nyingine mwaka 2003, ilipoanza mkoani Ruvuma kuwafunza na kuwasajili wauza dawa wa vijijini. Kufunga duka pasipo huduma mbadala ni kumfungia mgonjwa mlango wa pekee aliobakiwa nao. Hoja nzito zaidi ni kwamba dawa za bure anazopewa reko huisha. Ni kweli, na hapo ndipo viongozi wa afya wanapaswa kubanwa, maana mtoto aliyecheleweshwa huenda akahitaji kuongezwa damu, na familia ikaingia deni kubwa kuliko bei ya dozi yoyote.

Chandarua kibaki kitandani, lakini hakimtibu aliyekwisha kuumwa. Kabla maji hayajafunguliwa tena mashambani, vipimo na dawa viwe vimeshafika mikononi mwa reko wa kila kijiji. Msimu wa mbu unajulikana. Hakuna sababu dawa ichelewe kuliko wao.