Bastola ipi ya kwenda nayo darasani?

Haya jamani, nimepotea wiki mbili, mtanisamehe. Mitihani ya katikati ya semista ilinikaba, na boksi nalo halinipi pumzi. Leo Jumapili nguo ziko kwenye mashine huko chini, nina kama dakika arobaini, ngoja niseme la moyoni.

Jana nilienda darasa la kujihami kwa bastola. Ndiyo, mimi huyu huyu ninayeruka mende. Msicheke.

Mnaonijua mnajua nafanya zamu ya usiku sheli. Mwezi wa pili mwenzangu alielekezewa bastola usoni. Akatoa hela yote, jamaa akaondoka, mwenzangu akarudi kwake mzima. Mimi ndiye niliyempokea zamu asubuhi ile, bado anatetemeka, hata funguo alishindwa kunikabidhi. Tangu hapo kila Mbongo hapa Texas amekuwa mshauri wangu wa silaha.

Kabla sijaendelea, nyie wa viza ya mwanafunzi sikilizeni vizuri. Mimi nina green card, ndiyo maana niliweza kwenda. Sheria ya shirikisho hapa Marekani inawakataza watu wa viza ya muda, F-1 ikiwemo, kuwa na silaha au risasi, ukiacha ruhusa chache kama ya mwenye leseni halali ya kuwinda. Hata ya kukodi uwanjani usiishike kwa sababu eti mshikaji kakwambia "njoo tujaribu". Unaweza kufungwa, na ukitoka unapandishwa ndege. Shule yote imekwenda na maji.

Sasa tuje kwenye hoja. Darasa lenyewe ni la siku nzima, na walituambia tuje na risasi 300, bastola na ala ya kiunoni. Kwa kulinganisha, mtihani wa leseni ya kubeba hapa Texas ni risasi 50 tu, kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Kwa hiyo swali lilikuwa, niende na bastola ipi? Mezani kwangu zilikuwepo tatu.

Ya kwanza ni ya anko, 1911 ya .45. Anko anaipenda kuliko gari lake. Kweli ina heshima zake, jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1911 na ilidumu mpaka Beretta M9 ilipochukua nafasi yake mwaka 1985. Lakini ni kama kilo moja na ushee kabla hujaweka risasi, magazini yake ya kawaida inabeba 7, na risasi za .45 ni ghali kuliko za milimita 9. Halafu ina kizuizi cha kushusha kwa dole gumba kabla haijafyatuka. Kwa anko aliyeizoea miaka nenda rudi hilo si kitu. Kwangu mimi mgeni, hicho ni kitu cha kukisahau nikiwa nimepaniki.

Ya pili ni ya rumeti wangu, Ruger LCP, zile zilizotoka mwaka 2008. Kadogo, kepesi, kama gramu 270 hivi, kanaingia kwenye pochi pamoja na lipshaini. Watu wengi wakiona msichana anauliza bastola wanamsukumia haka. "Kakubwa hutakaweza, chukua haka kadogo." Jamani, huu ni uongo unaopendwa sana! Bastola ikiwa nyepesi, ule mshtuko wote unaishia mkononi mwako. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Mtutu nao ni mfupi, ukikosea nywele moja hapa, kule mbele umekosa kabisa. Kale ni ka mtu anayejua tayari, si ka mtu anayejifunza.

Ya tatu ni Glock 19 ya kukodi pale pale uwanjani. Haina sura. Nyeusi, imekaa kama rimoti ya TV. Ipo tangu mwaka 1988, ni ya milimita 9, magazini yake inabeba 15, na tupu ina kama gramu 600. Si kubwa, si ndogo. Haina kizuizi cha pembeni cha kukumbuka, na ndiyo maana inataka nidhamu, kidole kisiguse triga mpaka umeamua kufyatua. Nikachukua hiyo.

Anko alinuna. Akaniambia milimita 9 ni ya kutishia kunguru, mtu anasimamishwa na .45. Nikamwambia anko wangu, shikamoo yako iko pale pale, lakini hata FBI walipita njia hiyo wakarudi. Mwaka 1986 kule Miami walirushiana risasi na majambazi wawili, maofisa wao 2 wakafa na 5 wakajeruhiwa. Lawama kubwa ikaangukia risasi ya milimita 9, wakaenda kwenye milimita 10, kisha .40, na miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9. Risasi za siku hizi zimeboreshwa, na waliona maofisa wengi wanalenga vizuri na haraka zaidi na 9. Anko akasema FBI hawajui kitu. Basi.

Sasa nilichokiona darasani. Kaka mmoja alikuja na kadogo kama ka rumeti. Kufika saa sita mchana mkono umevimba, kila akivuta triga anafumba macho kabla. Hakuwa anajifunza tena, alikuwa anavumilia. Mzee mmoja wa makamo alikuja na 1911 nzuri inang'aa, na mara mbili mwalimu alipopuliza filimbi alichomoa, akalenga, akavuta, kimya. Kizuizi kiko juu. Darasani tulicheka kidogo naye akacheka, lakini mimi nilifikiria ile sheli saa nane usiku.

Na mimi? Nilikosa vibaya sana. Risasi zangu zilikuwa zinaenda chini kushoto kama zimetumwa. Ila bastola haikuniumiza, haikukwama, haikuniwekea mtego wowote. Kwa hiyo sikuwa na pa kupeleka lawama. Mwalimu akanionyesha kwamba nabana mkono wote wakati wa kuvuta triga badala ya kidole kimoja. Saa tisa hivi zilianza kukaa katikati, si zote, lakini nilijua kwa nini.

Hapo ndipo penye maoni yangu. Wenye uzoefu watakwambia nenda na ile utakayobeba kila siku, nami siwabishii, kwa mtu ambaye tayari anayo. Lakini kama ndio kwanza unaanza, usichague ya kuringia wala ya kujificha kwenye pochi. Chukua ya wastani, ya milimita 9, inayojaa mkononi, ambayo baada ya risasi 300 bado unaweza kuishika. Chagua bastola isiyokupa kisingizio, ili ukikosa ujue ni wewe, ukirekebishe. Siku ya siku hakuna mtu atakayekuuliza ilikuwa chapa gani. Risasi iliyokosa inaendelea na safari, na nyuma ya jambazi kuna mteja anayenunua maziwa ya mtoto.

Bado sijanunua. Nimejiwekea miezi miwili ya kukodi na kufanya mazoezi kwanza, na kama zile risasi zitaendelea kwenda chini kushoto, nitaendelea kufanya alichofanya mwenzangu, natoa hela yote, narudi nyumbani. Mama akipiga simu naye anasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Mashine imelia, nguo zimekauka. Kesho lekcha saa mbili. Naomba kuwasilisha.