Kasoro Itajwe Kabla ya Bei



Ndugu wasomaji, juma hili tumeonelea tuzungumze juu ya jambo lililotukuta sisi wenyewe, kamati ya msikiti hapa Lulindi, tulipouza gari la msikiti. Tunalieleza kwa sababu kila familia ina kitu kikuukuu ambacho siku moja itakiuza: gari, pikipiki, cherehani au shamba la mikorosho iliyozeeka. Mtihani uliotufika sisi utawafika na wengine.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, lile refu linalojulikana kwa namba 109, ambazo ni inchi baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Magari ya toleo hilo yalitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na huku kwetu kusini yalitumika serikalini, mahospitalini na mashambani. Hili letu mzee mmoja, Allah amrehemu, alilinunua kwenye mnada wa magari chakavu, kisha akaupa msikiti. Lilibeba jeneza, likawakimbiza wagonjwa Mkomaindo usiku, likapanda na watoto wa madrasa hadi Newala kwa maulidi katika njia ambayo masika haikupitika kwa gari dogo. Mwishowe lilikaa chini ya mkorosho miaka miwili kwa kukosa vipuri, na kamati ikaamua liuzwe ili vyumba viwili vya madrasa viezekwe kwa bati.

Kwanza tulimwuliza sheikh wetu kama jambo hilo linajuzu, kwani mali iliyowekwa wakfu haiuzwi kwa matakwa ya kamati. Tulirejea daftari la msikiti tukakuta kwamba marehemu alilitoa liwe mali ya msikiti, litumike kwa maslahi yake, wala hakutamka wakfu. Hapo tukapewa ruhusa.

Tulidhani tutauza chuma chakavu. Dalali alipokuja alitushangaza kwa kutuambia kwamba magari haya sasa yanatafutwa. Kiwanda cha Solihull kilifunga utengenezaji wa Defender ya zamani, mrithi wa magari haya, Januari 2016, na tangu hapo wapenzi wake wameongezeka. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia. Huko yapo makampuni ya utalii yanayoyafufua, na wapo wageni wanaoyanunua kwa kumbukumbu tu. Dalali akapiga picha, akazituma, na baada ya siku tatu mnunuzi wa Arusha akataja shilingi milioni 12. Siku hiyo mweka hazina wetu alipiga hesabu ya bati mara mbili.

Tatizo likaja pale tulipomwita fundi alitazame gari kabla ya mnunuzi kufika. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma, hivyo gari huonekana zima hata likiwa na miaka hamsini. Chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, na kutu huila kutokea ndani. Fundi alitambaa chini akatuonyesha sehemu ya nyuma iliyokwisha kuchomelewa vipande. Kisha akafungua boneti akatuambia kwamba injini si ya gari lile. Ilibadilishwa zamani, na namba yake haifanani na iliyoandikwa kwenye kadi. Nasi, kwa haraka ya katibu asiyeuliza, tulikuwa tumekwisha kumwandikia dalali maelezo yanayosema kwamba injini ni ya asili.

Tulikutana baada ya sala ya Isha. Hatutaki kuwadhulumu wenzetu kwa kuwaonyesha kama watu wabaya, kwa maana waliosema tunyamaze walikuwa na hoja. Mmoja alisema kwamba gari kuukuu huuzwa kama lilivyo, na mnunuzi ana macho na ana fundi wake. Mwingine alisema kwamba mnunuzi ni mtu mwenye uwezo, na fedha haziendi mfukoni mwa yeyote bali kwa watoto wanaosoma Qur'an chini ya paa linalovuja. Dalali alishauri tupake rangi mpya juu na lami nyeusi chini, ili mahali palipochomelewa pasionekane. Rangi ilikuwa imekwisha kununuliwa.

Sheikh aliwasikiliza wote. Kisha akatukumbusha kisa tunachowafundisha watoto wale wale: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke juu watu wauone, na akaonywa kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Sheikh akasema kwamba mtu yule hakuilowesha nafaka yake yeye. Kosa lake lilikuwa kuuficha unyevu. Nasi hatukuitia kutu chasisi, ila ile rangi ilikuwa ni yetu.

Ama juu ya hoja ya kuuza "kama lilivyo", alifafanua kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii maneno hayo hayamvui muuzaji dhima ya kasoro iliyofichika ambayo yeye anaijua. Mnunuzi akiigundua baadaye, na ikathibiti kwamba ilikuwapo kabla ya mauzo, ana hiyari ya kurudisha kitu na kudai fedha zake. Na kumsaidia mtoto wa madrasa kwa mali iliyopatikana kwa hadaa ni kumlisha kitu ambacho tungemkataza asikile.

Tulimpigia mnunuzi simu usiku ule ule, tukamweleza habari ya chasisi na ya injini, tukakiri kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa na kosa. Alinyamaza kidogo, akasema atakuja hata hivyo. Alipofika alilala chini akagonga chasisi kwa nyundo, akapanda juu kwa milioni 8 na nusu. Hakuongeza hata shilingi kwa ajili ya ukweli wetu, wala hatukumdai. Tukakubaliana.

Ndugu wasomaji, chumba kimoja kimeezekwa kwa bati. Cha pili bado ni cha nyasi, na mvua zinakuja. Ijumaa iliyopita mama mmoja, ambaye mwanawe anasoma katika chumba hicho, alituuliza kwa nini mtoto wake ndiye alipie uaminifu wetu. Swali hilo ni la haki. Tulimjibu kwamba zile milioni tatu na nusu hazikuwa zetu hata kabla hatujazikosa, na kwamba deni la paa ni letu sisi wakubwa, si la mtu wa Arusha. Tumeanza kuchangishana, na msimu huu wa korosho, inshaallah, tutalimaliza.

Kwa familia zenye gari la kuuza tunaongeza mambo mawili. Kwanza, kama mwenye gari amefariki, gari hilo ni sehemu ya mirathi. Haliuzwi na kaka mkubwa kwa sababu tu funguo ziko kwake. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, mjane ana haki yake, na mabinti wana haki yao. Na msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani ndipo auze. Pili, andikeni mkataba wenye mashahidi, mzitaje kasoro ndani yake, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA bila kuchelewa. Kama injini ilibadilishwa, hilo nalo lirekebishwe kwenye kumbukumbu. Gari likibaki na jina lako, makosa yake yatakutafuta wewe.

Ile rangi iliyonunuliwa hatukuitupa. Wanafunzi wameipaka kwenye milango ya madrasa.

Wabillahi tawfiq.