NANI ATAKAA PALE ALIPOKAA MZEE WETU?

Ndugu wafanya kazi,

Mwenzetu, mkaguzi wa mabehewa, amefariki, na wengi wenu mlifika mazishini. Mchango ulichangwa, gari lilipatikana, na maneno mazuri yalisemwa kaburini. Hayo ni mema. Lakini naona tumemlilia kama mzee mwema tu, wala hatujauliza kazi yake amemwachia nani. Sisemi kazi ya nyundo. Hiyo imekwisha pata mtu.

Nilipoandikwa kazi nilipelekwa kwake nijifunze. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wengine walimwona mkali. Alinifunza kugonga gurudumu na kusikiliza, maana gurudumu zima hulia kama kengele, bali lenye ufa hutoa sauti nzito. Jioni aliniketisha tukaisoma karatasi yangu ya mshahara mstari kwa mstari: hii ni kodi, hii ni ya uzeeni, hii ni ya chama, na hii hapa haijulikani ni ya nini, basi kesho nenda kwa karani ukaulize kwa adabu. Shule ya misheni ilinipa hesabu, lakini hesabu ya fedha zangu mwenyewe nilifundishwa na yeye. Urafiki wetu ulianzia pale. Hata habari ya mahari yangu, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Mzee.

Sasa neno lenyewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 chasema kwamba kabla mtu hajafukuzwa kwa kosa la nidhamu au kwa kazi mbovu, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, tena mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo? Mzee alilijua. Kijana akiitwa ofisini, Mzee alivua ovaroli, akanawa mikono, akaenda kuketi karibu naye. Hakupiga kelele. Aliomba mashitaka yasomwe tena kwa Kiswahili, pole pole, na mara nyingi yakisomwa pole pole yalipungua. Wala hakuwa mtetezi wa wezi. Mmoja aliyechukua dizeli aliambiwa na Mzee mbele ya wakubwa aseme kweli.

Tena alikuwa na daftari. Kila ajali aliiandika: siku, saa, mahali, na nani aliyeona. Sheria ya fidia, nayo ya mwaka 2007, yataka dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Mjane mmoja alizungushwa toka ofisi hata ofisi, mpaka daftari lile lilipoonyesha siku na saa mumewe alipoumia.

Baba yake Mzee alikuwa kibarua Mombasa wakati wa mgomo mkubwa wa Januari 1947. Alimsimulia mwanawe kwamba siku zile mtu alisimama peke yake mbele ya bwana mkubwa, na akifukuzwa amefukuzwa. Leo sheria imetupa kiti cha pili, nasi twakiacha kitupu. Tangu Mzee afariki, vijana wawili wameingia peke yao, wakatia sahihi karatasi za Kiingereza wasizozielewa. Sasa wako nyumbani.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya katibu wa tawi. Katibu ni mmoja na zamu ni nyingi, naye hawezi kuwa kila stesheni. Mimi nataka kila zamu ichague watu wawili, mmoja wa umri na mmoja kijana, wakifahamu kifungu hicho vizuri, na majina yao yafike kwa katibu kabla ya mkutano ujao.

Daftari liko kwa mama watoto wake. Ameniambia yuko tayari kulitoa, ila ataka kwanza kumjua mtu atakayepewa.