Mashine ihesabu magunia, lakini mtu asikilize wahami

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, chakula cha msaada kinapita barabarani na ziwani. Safari ni ndefu, kwa hiyo kila gunia linahesabiwa. Mashirika ya kiutu, PAM ikiwa mojawapo, yanatumia mashine: alama za vidole, kadi, na pesa za simu.

Faida ipo. Foleni inapungua, na mtu mmoja hawezi kuchukua jetoni tatu kwa majina matatu.

Lakini mama anayekimbia Masisi usiku anabeba watoto, si makaratasi. Simu inapotea njiani. Vidole vilivyochakaa kwa jembe, mashine inavikataa. Siku ya ugawaji jina halionekani, naye anarudi na mfuko mtupu. Lori limefika, unga upo, ila kwake haukufika.

Hakuna haja ya kutupa mashine. Kila mahali pa ugawaji pawekwe meza ya malalamiko, na mtu anayesema lugha ya wahami, mwenye ruhusa ya kusahihisha orodha siku ileile mbele ya kamiti yao. "Rudi mwezi ujao" si jibu kwa mtoto mwenye njaa leo.